Kituo cha Vifaranga Hakiwezi Kuwa Mto: Funzo la Samoni wa Ziwa Redfish

Mwaka 1992, samoni mwekundu mmoja tu alirudi kutoka baharini na kufika katika Ziwa Redfish, kwenye milima ya jimbo la Idaho nchini Marekani. Alikuwa dume. Alikuwa amesafiri takriban kilomita 1,450 kutoka Bahari ya Pasifiki, amepanda hadi mwinuko wa karibu mita 2,000, na amepita mabwawa manane ya umeme. Hakukuta jike. Watu wa Idaho wakampa jina la Larry Mpweke, na habari zake zikaenea nchi nzima. Ziwa lenyewe linaitwa Redfish, maana yake samaki mwekundu, kwa sababu zamani samaki hao walikuwa wengi kiasi cha kubadili rangi ya maji wakati wa kuzaliana.

Makala hii inaeleza kilichofanyika ili ukoo wa Larry usiishie kwake. Kwa maneno mengine, inaeleza jinsi vituo vya kutotolesha vifaranga vinavyotumika kuwanusuru samoni walio hatarini kutoweka, kazi ambazo vituo hivyo vinaziweza, na kazi ambazo haviwezi kuzifanya hata viwe na fedha na wataalamu wa kutosha. Msomaji anaweza kuuliza samaki wa Idaho wanahusiana nini na gazeti la seminari. Jibu ni kwamba chini ya habari hii kuna swali ambalo sisi tunaosoma falsafa na kujiandaa kwa utume hatuwezi kulikwepa: tukiharibu kitu ambacho hatukukiumba, je, ufundi wetu unatosha kukirudisha?

Samaki wa maji mawili

Samoni si samaki wa maji yetu, kwa hiyo tuanze na maisha yake. Huzaliwa katika maji baridi yasiyo na chumvi. Jike huchimba shimo kwenye changarawe kwa kutumia mkia, hutaga mayai, dume huyarutubisha, kisha jike huyafukia. Vifaranga vya samoni mwekundu hukaa ziwani mwaka mmoja au miwili. Theluji inapoyeyuka na mito inapojaa, miili yao hubadilika ili iweze kuhimili chumvi, nao hushuka na mkondo hadi baharini. Huko hukua kwa mwaka mmoja hadi mitatu, kisha hurudi mahali pale pale walipozaliwa. Katika hatua za mwisho za safari huongozwa na harufu ya maji ya nyumbani, waliyoishika tangu wakiwa wadogo. Wakishaingia mtoni hawali tena. Huishi kwa mafuta waliyojiwekea mwilini, na wakishazaliana hufa.

Kifo hicho hakiendi bure. Mizoga yao hulisha dubu, ndege na wadudu, na rutuba waliyoibeba kutoka baharini hufika hadi kwenye miti ya kandokando ya mito. Wadudu hao nao huwa chakula cha vifaranga watakaofuata. Mkristo akisoma habari hii atakumbuka mwenyewe punje ya ngano inayotajwa katika Injili ya Yohane.

Kuna jambo moja zaidi la kushika. Kwa kuwa kila samaki hurudi kwao, kila mto na kila ziwa lina ukoo wake, uliozoea maji yake, joto lake na umbali wake. Samoni wekundu wapo kwa mamilioni huko Alaska. Lakini hao wa Alaska hawawezi kuchukuliwa na kupandwa Redfish kama miche ya migomba, kwa sababu safari ya Redfish ndiyo ndefu na ya juu kuliko zote wanazosafiri samoni wekundu. Ukoo huu ukikatika, hakuna mwingine wa kuziba nafasi yake.

Walifikaje ukingoni

Hawakufikishwa hapo na sababu moja. Mwishoni mwa karne ya 19, viwanda vya kusindika samaki kwenye Mto Columbia vilivua bila kiasi. Mwaka 1910 bwawa la Sunbeam lilijengwa kwenye Mto Salmon, chini ya maziwa ya bonde hilo, likazuia samaki kwa zaidi ya miaka ishirini hadi lilipobomolewa sehemu kwa baruti mwaka 1934. Katika miaka ya 1950 na 1960, idara ya wanyamapori ya jimbo ilitia sumu katika baadhi ya maziwa ya bonde hilo ili kuondoa samaki ambao haikuwataka na kupanda trauti kwa ajili ya wavuvi wa burudani.

Kisha yakaja mabwawa makubwa: manne kwenye Mto Columbia na manne kwenye Mto Snake, kuanzia Bonneville mwaka 1938 hadi Lower Granite mwaka 1975. Mabwawa haya yana ngazi za samaki, yaani mifereji yenye vidato ambayo samaki mkubwa huipanda kuelekea juu. Shida iko zaidi kwa wadogo wanaoshuka. Wengine hupita kwenye mitambo ya umeme na kujeruhiwa au kufa. Wengine huchelewa, kwa sababu mto uliokuwa unakimbia umekuwa mlolongo wa maji yaliyotuama, yenye joto na yenye samaki walao wenzao. Baadhi hukusanywa na kubebwa kwa tishari au lori hadi chini ya bwawa la mwisho.

Mwaka 1990 hakuonekana hata samoni mwekundu mmoja aliyerudi Redfish. Mwaka huo huo watu wa makabila ya Shoshone na Bannock, ambao wamevua katika mito hiyo tangu enzi za mababu zao, waliiomba serikali ya Marekani iwatambue samaki hao kuwa wako hatarini kutoweka. Mwaka 1991 serikali ilikubali.

Kituo kinavyofanya kazi

Kuanzia 1991 hadi 1998 walirudi samaki 16 tu waliozaliwa kwa njia ya asili. Miaka mingine alirudi mmoja, miaka mingine hakurudi yeyote. Wote 16 walichukuliwa na kupelekwa vituoni. Larry alikuwa mmoja wao. Kwa kuwa hapakuwa na jike mwaka ule, mbegu zake za kiume zilihifadhiwa kwa kugandishwa, zikatumika miaka ya baadaye. Wataalamu waliongeza pia vifaranga waliowanasa wakitoka ziwani, pamoja na samoni wachache wa ukoo huo ambao huishi ziwani maisha yao yote bila kwenda baharini.

Hapo ndipo kazi ya kituo inapoanza. Samaki wazazi hukamuliwa mayai na mbegu kwa mkono, na mayai hurutubishwa kwenye vyombo. Kisha huwekwa kwenye trei zinazopitiwa na maji safi yenye baridi inayodhibitiwa. Jike mmoja hubeba maelfu ya mayai. Katika mazingira ya asili, mengi huharibiwa na mafuriko, matope au kuliwa, na ni wachache mno wanaoishi hadi kurudi wakiwa wakubwa. Kituoni sehemu kubwa ya mayai huanguliwa na vifaranga wengi hukua. Faida yote ya kituo iko hapa: kinaurusha ukoo juu ya kipindi cha maisha chenye vifo vingi zaidi, na kwa njia hiyo samaki wachache wanaweza kuzaa wengi kwa muda mfupi.

Lakini wingi peke yake ungeweza kuwa mtego. Ukianza na wazazi wachache, ni rahisi ndugu kuzaliana na ndugu, na udhaifu uliofichika kujitokeza katika vizazi. Kwa hiyo kila samaki mzazi hupimwa vinasaba, na wataalamu hutengeneza jedwali la nani azalishwe na nani ili undugu uwe wa mbali kadiri inavyowezekana. Ni kazi inayofanana na ile ya wazee wetu wanaochunguza koo za vijana kabla ya posa. Vilevile samaki hawawekwi mahali pamoja. Wengine hutunzwa Idaho, katika kituo cha Eagle, na wengine jimbo la Washington, ili ugonjwa au pampu iliyozimika usiku mmoja isimalize ukoo mzima.

Mwisho ni kuwarudisha majini, na hapa pia hawategemei njia moja. Wamewahi kuweka mayai yaliyorutubishwa ziwani, kuachia vifaranga wadogo, kuachia waliokwisha kuwa tayari kushuka baharini, na kuachia samaki wakubwa ziwani wachimbe changarawe na kuzaliana wenyewe.

Matokeo, na mipaka yake

Mwaka 1999 samaki saba waliotokana na mpango huo walirudi kutoka baharini. Mwaka 2000 walirudi 257. Mwaka 2014 walifika zaidi ya 1,500 katika bonde hilo, idadi ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya nusu karne. Bila vituo hivyo, leo tungekuwa tunazungumza juu ya ukoo uliokwisha. Hili lisemwe wazi kabla ya lawama yoyote.

Kisha ukaja mwaka 2015. Theluji ilikuwa chache, kiangazi kilikuja mapema, na maji ya Columbia na Snake yakapanda joto kupita kiasi. Maelfu ya samoni wekundu waliokuwa wameanza safari kuelekea Idaho walifia njiani, na waliofika bondeni hawakutimiza 100. Ilibidi baadhi wanaswe kwenye bwawa la Lower Granite na kupakiwa kwenye malori ili waokolewe. Hakuna kosa lililotendeka kituoni. Vifaranga walitunzwa vizuri, wakaenda baharini, wakakua, wakarudi, na njia ya nyumbani ikawaua.

Funzo la pili lilitoka ndani ya mpango wenyewe. Mwaka 2013 kilifunguliwa kituo kipya cha Springfield, chenye uwezo wa kulea vifaranga milioni moja kwa mwaka. Vifaranga walitoka wakiwa na afya, lakini miaka ya mwanzo wengi walikufa muda mfupi baada ya kuachiwa. Uchunguzi ulionyesha kuwa maji ya Springfield ni magumu, yaani yana madini mengi, wakati maji ya kijito cha Redfish ni laini sana. Badiliko la ghafla liliwashtua. Wataalamu wakaanza kuwapitisha kwanza kwenye maji ya ugumu wa kati, na hali ikawa bora. Samaki walikuwa wamelishwa, wamepimwa, wamehesabiwa, na bado jambo dogo kama madini ya maji ya nyumbani lilikuwa limesahaulika.

Kuna hatari nyingine inayochukua muda mrefu kuonekana. Kituo huchagua bila kukusudia. Kifaranga kinachokimbilia juu ya maji kivuli cha binadamu kinapotokea hupata chakula kituoni, lakini mtoni huliwa na ndege. Utafiti uliofanywa kwenye Mto Hood, Oregon, na kuchapishwa mwaka 2007 katika jarida la Science, ulifuatilia kwa vinasaba samaki wa karibu na samoni, wa jamii ya trauti wanaokwenda baharini. Ulikuta kuwa uwezo wa kuzaa watoto mtoni ulipungua kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kilicholelewa kituoni. Ndiyo sababu vituo vingi hukata pezi dogo la mgongoni la vifaranga wao, ili mvuvi na mtafiti waweze kumtofautisha samaki wa kituo na yule aliyezaliwa mtoni, na ili wa kituo wasifurike mahali ambapo wa asili bado wapo.

Mchungaji aliyetangulia

Historia inatusaidia kuona kwa nini tahadhari hii ina uzito. Kituo cha kwanza cha samoni katika pwani ya Pasifiki kilianzishwa mwaka 1872 kwenye Mto McCloud, California, na Livingston Stone, mtu aliyewahi kuwa mchungaji wa madhehebu ya Waunitaria. Katika miaka ile viongozi wa uvuvi, akiwemo Spencer Baird aliyeongoza tume ya samaki ya Marekani, waliamini kuwa kutotolesha vifaranga kungefanya sheria za kuzuia uvuvi zisiwe na ulazima. Tunaweza kuvua tupendavyo na kujenga tupendavyo, maana samaki watatengenezwa.

Haikuwa hivyo. Leo mahali pa kituo cha Stone pako chini ya maji ya bwawa la Shasta, na samoni hawafiki tena McCloud kwa nguvu zao. Chini ya ukuta wa bwawa hilo hilo kuna kituo kingine kinachoitwa kwa jina la Stone, na kazi yake ni kuwalinda wasitoweke samoni mfalme wa majira ya baridi, ukoo uliopoteza mito yake ya juu kwa sababu ya bwawa. Kituo cha kwanza kilijengwa kwa matumaini ya kuzalisha bila mwisho. Cha pili kimejengwa ili walau wabaki wachache.

Ufundi na asili

Aristotle anatofautisha vitu vya asili na vitu vya ufundi. Kitu cha asili kina chanzo cha mwendo wake ndani yake chenyewe: mbegu hukua kuwa mti bila fundi kuisukuma. Kitanda hakioti vitanda vingine. Mtakatifu Thomas wa Akwino anaiendeleza hoja hiyo kwa mfano wa tabibu. Mgonjwa anapopona, mtendaji mkuu ni asili iliyo ndani yake, na tabibu ni mhudumu wa asili hiyo, anayeiondolea vizuizi na kuipa dawa ya kuitegemeza.

Mfano huu unatupa kipimo cha kituo cha samoni. Kama kituo ni tabibu, basi ni chema, tena ni cha lazima mgonjwa anapokuwa mahututi. Lakini tabibu mwema hafurahii kumweka mgonjwa wodini maisha yake yote, wala hamrudishi kila wiki kwenye nyumba ile ile yenye maji machafu yaliyomwuguza. Mpango wa serikali ya Marekani wa mwaka 2015 wa kuwanusuru samoni wa Redfish unakubali jambo hili. Lengo lake si vifaranga milioni moja kituoni. Linataka wastani wa samaki 2,500 waliozaliwa kwa njia ya asili warudi kila mwaka katika maziwa matatu ya bonde hilo. Lengo hilo likitimia, kituo kitakuwa kimemaliza kazi yake. Hadi sasa liko mbali.

Na kwa nini kuhangaika na ukoo mmoja wa samaki? Mtakatifu Thomas anajibu katika Summa Theologiae anapouliza kwa nini Mungu ameumba vitu vingi na tofauti: wema wake hauwezi kuonyeshwa vya kutosha na kiumbe kimoja, na kile kinachokosekana katika kimoja hujazwa na kingine. Papa Fransisko aliurejea mfululizo huu wa mawazo katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015. Kiumbe kikitoweka, kuna namna ya kumsifu Muumba inayonyamaza.

Gharama ni ya nani?

Si haki kuyazungumzia mabwawa kana kwamba yamejengwa na watu wabaya. Yanatoa umeme. Yale ya Mto Snake yanawawezesha wakulima kusafirisha ngano kwa tishari kutoka Lewiston, Idaho, hadi baharini, na kuna mashamba yanayomwagiliwa kutokana nayo. Upande mwingine wako makabila ya wenyeji wa asili, ambao haki yao ya kuvua ilithibitishwa katika mikataba ya karne ya 19, na ambao kwao samoni ni chakula na ibada. Maaskofu Wakatoliki wa bonde la Columbia, wa Marekani na Kanada, waliliona hilo walipotoa barua ya kichungaji mwaka 2001 juu ya utunzaji wa mto huo na manufaa ya wote. Waliwataja wavuvi, wakulima, wafanyakazi na wenyeji wa asili kama watu wa nyumba moja wanaopaswa kusikilizana.

Kusikilizana huko ni kugumu. Desemba 2023 serikali ya Marekani ilitia saini makubaliano na makabila manne pamoja na majimbo ya Oregon na Washington, yaliyolenga kuwekeza katika samaki na kutafuta mbadala wa huduma za mabwawa ya Snake. Juni 2025 serikali iliyofuata ilijiondoa. Kwingineko mambo yamekwenda tofauti: kwenye Mto Klamath mabwawa manne yalibomolewa, kazi ikakamilika mwaka 2024, na ndani ya majuma machache samoni walionekana wakipita mahali palipokuwa pamezibwa kwa zaidi ya karne moja.

Sisi Watanzania tuna sababu ya kulielewa jambo hili. Chura wa Kihansi, aliyeishi tu katika mvuke wa maporomoko ya Mto Kihansi, alipoteza mvuke huo maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kulelewa, mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka katika mazingira ya asili, na mwaka 2012 baadhi ya vizazi vyao vikarudishwa bondeni, ambako mabomba ya kunyunyizia maji yamechukua sehemu ya kazi ya maporomoko. Umeme tunauhitaji. Chura naye alikuwepo kabla ya bomba la kwanza, na bila walezi wake wa ng'ambo asingekuwepo tena.

Tunaoandaliwa kwa utume tutakutana na swali hili katika sura nyingi: kituo cha watoto yatima katika kijiji kinachopoteza wazazi kwa ugonjwa unaozuilika, mgao wa chakula mahali ambapo ardhi imechukuliwa. Msaada wa namna hiyo ni wa lazima, na anayeudharau hajawahi kuona mtu akifa. Tusiache kuutoa. Lakini samoni wa Redfish wanatutaka tuulize kila tunapoutoa: tunafanya nini, sambamba na kulea vifaranga, ili mto urudi kuwa mto? Mwaka 1992, kazi sahihi ilikuwa kumchukua Larry na kuokoa mbegu zake. Kazi iliyobaki ni njia ya kilomita 1,450 ambayo wajukuu wake wanapaswa kuipita wakiwa hai.